Punje za Wimbi Usoni mwa Mzee Onchiri

Wajukuu zangu mnaosomea uuguzi, mmeniomba niwaeleze habari za mtu aliyebanwa kifua mpaka pumzi ikakatika. Nitawaeleza, lakini kwanza wekeni kalamu chini. Nikiona mtu anaandika huwa nasema mambo ya maana tu, na hayo peke yake hayatawafaa siku mtakapokutana na uso wa zambarau.

Ndiyo, zambarau. Uso, shingo na mabega hugeuka rangi hiyo, mishipa ya shingo hutuna, midomo huvimba, na weupe wa macho hujaa damu. Kisha shusha macho hadi pale kitu kizito kilipomlalia: rangi inakatika ghafla, na kutoka hapo kwenda chini mwili ni ule ule aliozaliwa nao. Mara yangu ya kwanza kuiona hali hii, tuliitwa mimi na mwenzangu kwenye machimbo ya mawe karibu na Mosocho. Mwenzangu alimtazama mgonjwa, akaruka ua wa watu, na siku hiyo hakuonekana tena. Mimi sikuruka kwa sababu nilikuwa nimevaa suruali mpya. Watu wakanisifu kwa ushujaa, nami sikuwakatiza.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Elisha, dresa mkuu, mfunga vidonda na mgawa dawa wa zahanati yetu karibu na Keroka. Alikuwa mtu wa upande wa ziwani, mnene, mpole, asiyependa maelezo marefu. Siku moja nilimuuliza inakuwaje mtu mwenye pua nzima na mdomo mzima afe kwa kukosa hewa. Alinilaza chali sakafuni, akaniwekea gunia la mahindi kifuani, halafu akaketi juu ya gunia na kuanza kumenya ndizi mbivu.

Nilitoa pumzi. Kutoa hakukuwa na shida. Kuirudisha ndani ndiko kulikoshindikana. Nilitaka kumwambia kwamba nimeelewa, nikagundua kuwa hata kusema umeelewa kunahitaji pumzi. Elisha alimaliza ndizi yake bila haraka, akainuka, akaniuliza nimejifunza nini. Nilipopata sauti nikasema kwamba mtu aliyebanwa hawezi kuita.

"Basi usingoje akuite," akasema, na somo likaisha.

Baadaye alinifafanulia yaliyobaki. Uzito ukilala kifuani, na mtu amevuta pumzi na kuishikilia kwa hofu, damu hukosa njia ya kurudi moyoni ikasukumwa nyuma kwenda kichwani. Vimishipa vidogo vya uso na macho hupasuka. Ndiyo sababu ya rangi, na ndiyo sababu ya vidoadoa vyekundu ambavyo nitavisema sasa hivi. Lakini nyinyi msimlalie mwanafunzi yeyote na gunia. Siku hizi mtashtakiwa, na ndizi mtaila mahabusu.

Sasa Mzee Onchiri. Ilikuwa miaka ile baada ya vita, nami nikizunguka vilima vya kati ya Keroka na Nyansiongo na mkoba wa chanjo. Mzee huyu alikaa na mkewe, Nyaboke, na mke wa mwana wao, binti aitwaye Moraa ambaye ndoa yake ilikuwa bado mbichi. Mwana mwenyewe alikuwa kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Nyaboke alikuwa Msabato wa kweli kweli, na wimbi wake ulikuwa wa uji. Mzee Onchiri alikuwa bado anafikiria kuokoka, na katika kufikiri huko alipenda kushika mrija wa busaa, pombe ya wimbi.

Nanyi mnajua kwetu ghala la wimbi ni la mke. Mume ana shamba lake na akiba yake, lakini ghala la mke halichungulii hata kama anakufa njaa. Akiba ya Mzee Onchiri ilikuwa imeishia yote kwenye mitungi ya busaa. Basi alikuwa ametafuta njia ya kutochungulia. Alitoboa tundu chini ya ghala, akaliziba kwa kipande cha kigogo cha mgomba. Akitaka wimbi, analala chali chini ya ghala, anachomoa kizibo, wimbi unamiminika kwenye kikapu. Kwa hesabu yake alikuwa hajachungulia kitu, maana macho alikuwa ameyafumba.

Siku hiyo Nyaboke alikwenda soko la Keroka. Wimbi uligoma kutoka. Mzee akiwa amelala chali akaupiga teke mguu wa ghala ili punje zishuke, na mguu ule ulikuwa umeliwa na mchwa mpaka umebaki ganda. Ghala zima, na wimbi wake, na paa lake la nyasi, likamkalia kifuani.

Moraa alikuwa jikoni. Alisikia kishindo, akatoka, akaona miguu ya baba mkwe wake upande huu wa ghala na kichwa chake upande ule. Nyinyi mnasalimiana na wakwe zenu kwa mikono, mnaketi nao meza moja, mnacheka nao, kwa hiyo nitawaeleza taratibu. Siku zile tulishika chinsoni, ile adabu ya kuoneana haya. Mke wa mwana hamgusi baba mkwe, hamwangalii usoni, wala hapiti karibu naye akiwa amelala. Kuvunja adabu hiyo kulikuwa kumwaga baraka za mji mzima. Binti mgeni aliyeivunja angeweza kurudishwa kwao na mzigo wake kichwani, huku watu wakimwangalia njia nzima.

Akaita watu, hakuna aliyejibu. Mzee naye alikuwa kimya. Moraa aliniambia kwamba ule ukimya ndio uliomtisha kuliko kishindo, kwa kuwa Mzee Onchiri hakuwa mtu wa kukaa kimya. Kwa hiyo akafumba macho kwa heshima, akashika mti uliokuwa ukiegemeza mgomba, akauchomeka chini ya ghala na kulala juu yake kwa tumbo. Ghala likainuka kidogo. Alifungua jicho moja ili asimtoboe. Kisha, akiwa bado ameukandamiza mti kwa kiuno, akavuta jembe lililokuwa karibu, akaliingiza kwenye kola ya koti kuukuu la Mzee na kumkokota nje. Hapo alikuwa bado hajamgusa. Nawaambia wanangu, nimewaona madaktari wa upasuaji wasio na mkono mwepesi namna ile.

Lakini Mzee hakupumua. Alikuwa zambarau kutoka kifuani kwenda juu, macho yamemtoka, na mdomo umejaa wimbi mpaka kwenye ufizi. Jembe halingeweza kuingia mle. Moraa alisimama hapo na chinsoni zake zote, na mtu aliyemwita tata, kama tunavyowaita baba zetu, alikuwa anamfia miguuni. Sijui alisimama kwa muda gani. Yeye anasema ni mrefu sana, mimi nadhani ulikuwa mfupi, la sivyo tusingekuwa na hadithi. Akapiga magoti, akatia kidole mdomoni na kuukomba wimbi. Mzee akapumua, na jambo la kwanza alilofanya na pumzi ile ni kufunga meno.

Kelele niliyoisikia kutoka njiani ilikuwa ya Moraa. Nilipofika mbio na mkoba wangu, alikuwa amesimama mbali, mkono nyuma, macho chini, na Mzee anakohoa wimbi. Lakini sikuwa wa kwanza kufika. Jirani mmoja, Ombati, aliyekuwa askari wakati wa vita, alikuwa amenitangulia. Jeshini alifundishwa kumwokoa mtu aliyezama mtoni: unamlaza kifudifudi, unampanda mgongoni, unamkandamiza mbavu maji yatoke. Ombati alikuwa amengoja miaka apate mtu aliyezama, na kwetu mito ni ya magotini. Basi alipomwona Mzee Onchiri hakutaka kuuliza maswali. Alikuwa tayari amempanda.

Nikamvuta kwa mkanda wa suruali. "Huyu hajazama, amebanwa," nikamwambia. "Nawe unambana tena."

Ombati alikasirika, akasema mimi ninamwonea wivu kwa sababu yeye amefika Bama, kule ng'ambo walikopelekwa kupigana. Nilikuwa na kazi, nanyi sikilizeni hapa. Aliyebanwa kifua, kitu cha kwanza ni kumwondolea uzito, upesi kabisa. Cha pili ni kuhakikisha njia ya hewa i wazi. Ombati angemkandamiza kidogo tu zaidi, mbavu zilizovunjika zingechoma mapafu. Nilimgeuza Mzee taratibu. Nikamwambia achezeshe vidole vya miguu, akavichezesha. Nikapitisha mkono uti wa mgongo, hakuguna. Ndipo nikamwinua kidogo mabega na kichwa, nikamwegemeza kwenye kikapu chake mwenyewe. Nikaweka viganja pande zote mbili za kifua nione kama zinapanda pamoja. Zilipanda, ila wa kushoto kwa uvivu, na chini ya vidole mbavu zilisaga. Majirani walioanza kujaa walileta maziwa, uji, na mmoja aliyejificha nyuma alileta busaa. Nikazuia vyote. Tumbo lililobanwa hujui limepasuka nini ndani.

Nyaboke akafika kutoka sokoni. Aliliona ghala, akamwona mume, akaona tundu. Kisha akainama kumtazama usoni, na uso ule ulikuwa umejaa vidoadoa vyekundu vidogo vidogo, kwenye kope, mashavuni, hadi shingoni. Mtu mwingine angesema upele. Lakini ukoo wote ule ulikuwa umelima wimbi tangu zamani, na walijua punje wanapoiona.

"Wimbi wangu umemwingia kwenye ngozi," Nyaboke akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilitarajia jambo hilo.

Wala hakuna aliyembishia. Mwizi wa ghala alikuwa ameingiwa na alichokiiba, ilikuwa wazi. Yakaletwa maji na dodoki, na kabla sijazunguka upande wa pili Nyaboke alikuwa akimsugua mumewe uso kama sufuria ya ugali. Punje hazikutoka. Akaongeza majivu. Nilimshika mkono, nikamwonyesha lile alilonionyesha Elisha: bonyeza kidoa kwa kidole. Wekundu wa kawaida hukimbia ukibonyezwa, halafu hurudi. Hivi havikimbii, kwa sababu ni damu iliyokwisha kuvuja chini ya ngozi. Hakuna dodoki la kuitoa, itaondoka yenyewe kama jeraha la kuvilia. Nyaboke alinisikiliza kwa adabu, akabonyeza, akasema hata wimbi ukiubonyeza haukimbii.

Msimu ule wote, waume wa kilima kile walipita mbali na maghala. Wake walilala usingizi mzuri. Mimi kama mtu wa tiba ilinipasa nisahihishe imani hiyo, nikaona nisiharakishe.

Tulimpeleka Kisii kwa lori la mahindi lililotoka mashamba ya wazungu ya Nyansiongo. Nilimketisha amejiegemeza kwenye magunia, maana akilala chali pumzi ilimkimbia. Mhubiri aliyekuwa ameomba lifti mpaka Kisii alimwangalia mara moja yale macho mekundu, akashukia Keroka. Njiani Mzee alikuwa amevurugika akili, jambo ambalo pia ni dalili. Ubongo uliokosa hewa hurudi nyumbani polepole. Aliniita kwa jina la Nyaboke. Akanishika mkono, akaungama wizi wote wa wimbi tangu ghala lilipojengwa, akanieleza na mahali alipoficha mtungi, na kuniomba nisimnyime chakula. Nikamwambia nimemsamehe. Ningefanya nini, na barabara ile ilikuwa ndefu.

Hospitalini aliwekewa hewa kutoka kwenye mtungi. Nilihangaika naye sana, kwa kuwa uso ulibaki zambarau vile vile, na mimi nilikuwa namwongezea hewa nikidhani bado anakosa. Daktari akaniambia niache uso, nitazame ulimi na kucha. Vilikuwa vimerudia wekundu wake mzuri. Shikeni hilo: uso wa mtu huyu utawadanganya kwa wiki nzima na zaidi, ulimi hautawadanganya. Mbavu tulizibana kwa plasta kwa nguvu, ndivyo ilivyokuwa desturi. Siku hizi mnafundishwa msimfunge mtu kifua. Mko sawa nyinyi. Mtu ameponea kubanwa, nasi tulikuwa tunambana kwa utaalamu.

Lakini kabla hatujaondoka nyumbani siku ile nilikuwa nimekiona kidole cha Moraa. Damu ilikuwa inadondoka nyuma ya leso yake. Nikamuuliza amefanya nini, akasema ni mwiba. Nikamwambia huu mwiba una meno ya juu na ya chini. Hapo akalia. Alinisihi nisiseme, kwa kuwa bado hata hajazoea kisima cha pale, na mume wake yuko mbali, na akirudishwa kwao baba yake atakufa kwa aibu. Nikakifunga kidole bandeji nyeupe, kubwa, safi, nikaapa kunyamaza. Nilinyamaza kweli. Bandeji ndiyo iliyosema.

Mzee aliporudi nyumbani, uso umeanza kuingia manjano pembeni na macho bado mekundu, wazee wa ukoo walikuja kuketi. Waliniita nami, kama mtu aliyekuwepo. Walitaka kujua nani aliukomba wimbi mdomoni. Nikasema nilipofika mdomo ulikuwa umeshakombwa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Wakamuuliza Ombati, akawaeleza habari za Bama. Mwisho mzee mmoja akasema kidole cha binti kinajulikana kilima kizima, na kama amemgusa mkwe, basi hakuna la kujadili. Moraa alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, mahali pa kusikia bila kuonekana. Nyaboke alikuwa amekaa na wanawake, ameinamisha kichwa. Nilijiona sina faida yoyote pale na mkoba wangu wote.

Hadi siku hiyo Mzee Onchiri alikuwa akimwambia kila mtu kwamba ghala lilimwangukia akikagua mchwa. Alikohoa, akashika mbavu zake, akaomba kusema.

"Sikuwa nakagua mchwa," akasema. "Nilikuwa naiba. Mdomo wangu ulijaa wimbi wa mke wangu, na nilikuwa nakufa nao."

Nyaboke aliinua kichwa. Mzee akaendelea kwamba kidole anakijua, na alama zilizopo kwenye kidole anazijua vilevile. "Kidole ni chake, meno ni yangu. Yeye alikuwa anatoa wimbi. Mimi ndiye niliyemuuma. Kwa hiyo aliyemgusa mwenzake ni mimi. Kama kuna mbuzi wa kusafisha mji, mchukueni wangu."

Wazee walitazamana. Mmoja alifungua kinywa, akaangalia yale macho mekundu yakimkodolea, akafunga. Walinong'ona kidogo, wakakubaliana kwamba mbuzi atoke kwa Mzee Onchiri, na binti aachwe na kazi zake. Ombati akajitolea kumchinja.

Watu walipoanza kuinuka, Mzee aligeuza kiti chake kikaelekea ukuta wa nyumba, ili asije akamwona aliyekuwa upande wa pili.

"Pole na kidole, mwanangu," akauambia ukuta.

Nilidhani hatajibu, kwa haya.

"Nimeshapoa, tata," ukuta ukajibu.